Unipoti ya Kina Filda

Filda Lanyero hakujaliwa kusema kwa sauti ya chini. Mtu aliyelelewa chini ya paa la bati tupu, mvua ikilitwanga nusu ya mwaka, ama hujifunza kupaza sauti ama hukaa bila kusikika. Filda alichagua kupaza. Ndiyo maana, siku walipompa kazi ya kuongoza wageni kwenye makumbusho ya nyumba za kale, huko mteremkoni kupita Ntinda, jijini Kampala, hakuna aliyefikiria kununua kipaza sauti.

Makumbusho yenyewe hayana ukuta wala paa. Ni shamba kubwa la majani, na juu ya majani hayo zimesimama nyumba zilizookolewa vijijini kabla hazijabomolewa au kuliwa na mchwa. Kuna nyumba ya matete ya mkulima wa kahawa, kuna ghala la mtama kutoka Acholi lenye paa linaloinuliwa kama kofia, kuna duka la kijijini lenye baraza ya mbao, kuna kanisa dogo la udongo ambalo kengele yake ni kipande cha reli. Kila moja ilifunguliwa kipande kwa kipande kule ilikotoka, ikapakiwa kwenye lori, ikaja kuunganishwa upya na Kakule, fundi seremala kutoka Butembo kule Kongo, ambaye anaweza kumkasirikia mtu siku nzima kwa sababu ya msumari mmoja.

Filda alianza hapo kama mlinzi wa lango. Kabla ya hapo alikuwa amelinda duka la vyakula, benki na shule moja Mengo, na kote huko alichoka kwa sababu mlinzi hulipwa ili asiongee. Hapa hakuweza. Mgeni akipita langoni akiuliza ghala linafunguliwaje, Filda anaacha lango wazi na kwenda kumwonyesha. Hajati Rukiah, msanifu majengo aliyeanzisha mahali hapa, alimkuta mara nyingi akiwa katikati ya kundi la watalii, lango likiwa halina mtu, mpaka mwishowe akaona ni nafuu kumtafuta mlinzi mwingine.

Basi Filda akawa mwongozaji, na alikuwa mkali. Ole wake mgeni anayegusa masizi kwenye dari ya nyumba ya mkulima! Masizi hayo, Filda angemwambia mbele ya wenzake wote, ni moshi wa chakula cha watu miaka mingi, na wewe unataka kuondoka nayo kwenye kidole? Watu walicheka, wakarudisha mikono mifukoni. Alizipenda nyumba zile zote. Lakini jioni, akirudi Ntinda kwenye vyumba viwili anavyokaa na mama yake Acen, lilikuwapo jambo lililomkereketa: kati ya nyumba zote za shamba lile, hakuna hata moja iliyofanana na ile aliyozaliwa yeye.

Yeye alizaliwa ndani ya unipoti. Asiyeijua unipoti amfikirie polisi aliyepewa nyumba ya duara ya mabati yaliyopinda, yaliyofungwa kwa nati na bolti, yenye paa la bati lililochongoka na kikofia kidogo juu cha kutolea joto, ambacho hakikuwahi kutoa joto lolote. Mchana unaoka, alfajiri unatetemeka. Kitanda kina pembe nne na ukuta hauna hata moja, kwa hiyo nyuma ya kila kitanda kuna nafasi ya ajabu ajabu ambamo familia huweka masufuria, viatu, na mtoto aliyekosea. Baba yake, koplo Olal, alikuwa kwenye kituo kidogo cha polisi kando ya barabara ya vumbi kule kaskazini, na ndani ya unipoti moja waliishi watu saba. Majirani walikuwa Waacholi, Wateso, Walugbara, Wasamia, kila mlango na kabila lake, na ili waazimane chumvi ilibidi wote waongee Kiswahili, kibaya lakini kinachotosha. Filda akaja Kampala msichana mkubwa, baba alipohamishiwa kambi ya mjini. Baba alipofariki, familia ikaondolewa kambini kama kawaida, kwa sababu nyumba ya polisi ni ya polisi aliye hai.

Sasa, asubuhi moja, simu ikalia. Alikuwa Komakech, binamu yake, dereva wa lori kule kule kaskazini. Akasema kituo kinajengewa nyumba za matofali, na unipoti zote zimeshaondolewa, imebaki moja. Imebaki ile yao. Mnunuzi wa chuma chakavu ameshaizunguka mara mbili.

Filda hakumaliza hata kuaga. Aliteremka mbio na buti zake za mpira, akawapita wageni waliokuwa wanamngoja, akamkuta Hajati Rukiah kwenye ngazi anakagua paa, akaanza kumwelezea kabla hajashuka. Rukiah alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuna njia nyingine ya kumsikiliza Filda. Kisha akasema kwa upole kwamba mahali hapa ni pa nyumba ambazo watu wa kijijini walizijenga kwa mikono yao, kwa miti na udongo wa kwao. Ile iliundwa kiwandani na kuletwa na serikali.

Filda akamjibu kwamba ilisimama kijijini kabla yeye hajazaliwa, na kwamba mama yake alizalia watoto watatu ndani yake, na kama kuzaa watoto watatu si kuijenga nyumba, basi yeye hajui kujenga ni nini. Rukiah si mtu mgumu. Alikubali iletwe na isimamishwe kwa majaribio, pembeni karibu na ghala. Wajumbe wa bodi watakuja Jumamosi kuikagua. Wakikubali, inabaki. Wakikataa, mnunuzi wa chuma chakavu wa hapa mjini ataichukulia langoni, na habari itaishia hapo. Akaongeza kwamba mwenyekiti wa bodi, Mzee Otema, ameshasema kwenye kikao kwamba hapendi kuiona.

Lori la Komakech lilifika na mabati yamelala juu ya magunia ya simsim. Kakule aliyatazama kwa huzuni ya kweli. "Yaya Filda," alisema, maana kwao yaya ni dada mkubwa, "hii nyumba haina ata kipande ya mbao. Mie nitaipenda namna gani?" Aliipenda hata hivyo, baada ya kugombana nayo. Mara ya kwanza alikaza nati za kila bati kadiri alivyoenda, na bati la mwisho likakataa kuingia, nafasi ikiwa imebaki ya kiganja tu. Ikabidi walegeze zote, waifunge duara ikiwa bado inayumbayumba, ndipo wakaze kidogo kidogo huku wakiizunguka. Bolti ya mwisho ilipoingia, Kakule alipiga ukuta kwa ngumi, nyumba ikanguruma, na Filda akaruka kama msichana. Ilikuwa ni sauti ile ile! Alizunguka mara tatu akiipiga kwa viganja, akicheka, na machozi yakimtoka bila kumwomba ruhusa.

Ilipofika Ijumaa mchana, kila kitu kilikuwa sawa. Nyumba ilisimama imechakaa kama ilivyotoka: rangi imebanduka, kutu kwenye maungio, masizi ya taa ya koroboi ndani, na michirizi kwenye ukuta pale ambapo pembe za vitanda zilisugua miaka na miaka. Rukiah alikuwa ameipitia asubuhi hiyo kwa furaha, akagusa michirizi ile kwa ncha ya kidole, yeye mwenye haki ya kugusa. Kilichobaki ni kungoja Jumamosi.

Lakini Filda alikwenda kumleta mama yake aione.

Acen alishuka kwenye bodaboda kwa taratibu zake, akanyoosha gauni, akaitazama unipoti. Filda alingoja afurahi. Badala yake uso wa mama ulijaa aibu, aibu ya mtu aliyekutwa na wageni hajafagia. Akauliza ni nani wanaokuja kesho. Filda akasema ni wakubwa, wanakuja kukagua.

"Wakubwa anakuja kukagua," Acen akasema, "na nyumba yetu iko namna hii?"

Nani anaweza kueleza kilichompata Filda wakati ule? Huyu ndiye Filda anayewafokea watu kwa sababu ya masizi. Huyu ndiye anayejua, na anayesema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba nyumba ya kale haiguswi. Lakini neno ukaguzi, likitoka kinywani mwa mama yake, halikuingia kwenye kichwa cha mwongozaji wa makumbusho. Liliingia kwenye kichwa cha mtoto wa koplo Olal. Kambini mkubwa akija, watu wanapaka rangi. Hawaulizi. Wanawake wanapaka nyumba, watoto wanapaka chokaa mawe ya njiani, na anayebaki amekaa anaonekana mgonjwa. Filda aliona njia yake haina mawe ya chokaa na moyo ukamwenda mbio.

Kakule alijaribu. Alikumbusha kwamba Madamu Rukiah alisema isiguswe. Filda akamwambia ashike ngazi. Rangi ya kijani ilitoka duka la vifaa Ntinda, na chokaa, na brashi tatu, na kabla jua halijalegea wote watatu walikuwa wanapaka, nje na ndani, maana ndani ndiko mkubwa angeingia. Acen alipanga mawe pande mbili za njia na kuyapaka meupe, akiimba wimbo wa gwaride. Kakule naye akaanza kuupenda ufundi wenyewe, akawa anawasahihisha jinsi ya kushika brashi. Walicheka sana mchana ule. Filda alikuwa hajamwona mama yake na furaha kama ile tangu baba azikwe.

Jumamosi asubuhi Rukiah alifika mapema, akasimama mwanzoni mwa njia ya mawe meupe, asisogee. Unipoti iling'aa mbele yake mbichi kama kopo jipya la maziwa. Kwa Filda huwa anaongea Kiingereza au Kiganda, lakini Acen alikuwa amesimama pale mlangoni na gauni la kanisani, naye hajui Kiganda, basi Rukiah akakitafuta Kiswahili chake kinachogeuza r kuwa l.

"Filda, umefanya nini? Langi imefunika yote. Yote."

Ndipo kichwa cha mwongozaji kikarudi. Filda alitazama ukuta wa ndani, ulaini mtupu, hauna mchirizi wala chembe ya masizi, na akaona kwamba nyumba aliyoileta kutoka mbali namna ile ameifuta kwa mikono yake mwenyewe. Akafungua mdomo na kwa mara ya kwanza tangu Rukiah amjue, haikutoka sauti. Mwishowe akasema taratibu, "Hajati, nilisikia wakubwa wanakuja. Mimi sikufikiri tena."

Rukiah hakumgombeza, na hilo lilimuuma Filda zaidi. Alichukua kikwangulio kwenye mkoba, akapiga magoti kwenye kizingiti kuona kama rangi mpya inaweza kutolewa bila kuharibu ya chini. Akakwangua sehemu ya ukubwa wa kiberiti. Kijani kikatoka. Chini yake kukawa na rangi ya maziwa. Akakwangua kidogo. Chini ya maziwa, fedha. Chini ya fedha, buluu. Rukiah akaacha kupumua kwa hasira na akaanza kupumua kwa namna nyingine. Akamwita Kakule alete taa. Chini ya buluu kulikuwa na kijani kingine, halafu maziwa tena, halafu kijivu, na kila rangi ilikuwa nene na imepakwa kwa haraka, yenye matone yaliyoganda kwa sababu hakuna aliyengoja ya kwanza ikauke. Alikuwa bado amepiga magoti hapo, gauni lake limejaa chokaa, gari la wajumbe lilipoingia.

Mzee Otema alitangulia, mtu mrefu mwenye fimbo, kofia na koti, mwalimu mstaafu. Wajumbe wengine wawili walimfuata wakinong'ona juu ya mawe. Otema hakuyatazama mawe. Alisimama mbali kidogo na nyumba, na alipoongea alimwambia Filda, siyo bodi.

"Mama, mimi ni mtu wa kule. Shule yetu ilikuwa mbele ya hicho kituo. Hii nyumba tulikuwa tunaipita mbio. Kila asubuhi, kila jioni. Nyumbani walituambia, mkifika pale kwa polisi, kimbieni. Sasa unataka mimi niilipie majani yake yakatwe?"

Hakusema kwa ubaya. Filda alisikia maneno hayo yakimwingia mahali asipopajua. Kwa sababu aliwakumbuka. Watoto wa shule wa barabarani, kaptula zao za kaki, vumbi, kila asubuhi na kila jioni.

"Ni nyinyi?" akauliza. "Mimi nilikuwa ndani ya ua. Nilikuwa nakimbia na nyinyi mpaka mwisho wa seng'enge. Nilidhani tunashindana."

Mjumbe mmoja akakohoa. Huzuni ilimjaa Filda, siyo ya nyumba tena, bali ya yule mtoto aliyekuwa anafurahia kushinda mbio ambazo wenzake walikuwa wanakimbia kwa hofu.

Rukiah ndiye aliyeinuka. Akamwomba mwenyekiti asogee aone kitu kabla ya kuamua. Otema akaja, akainama juu ya kile kijidirisha cha rangi kizingitini. Rukiah akaeleza kwamba humu waliishi watu saba, kwamba hata jana mwongozaji wake amepaka, bila ruhusa, na kwamba yeye mwenyewe alipoiona asubuhi alitaka kulia. Lakini sasa haoni jana kama kosa tupu, maana chini yake kuna kazi ile ile imerudiwa tena na tena. Akamgeukia Acen, akamuuliza kwa heshima kama anazikumbuka rangi hizi.

Acen alikuwa amesimama wima kando ya mlango, mikono ubavuni, kama alivyosimama wake wote wa polisi siku za ukaguzi. Hakuinama kutazama. Akasema hiyo ya maziwa ni ya mkubwa wa wilaya, yule mwembamba. Fedha ni ya mwaka waliosema anakuja mkubwa kutoka Kampala, rangi zikaisha nchi nzima, wakapata ile ya kupaka mapipa. Buluu ni ya yule wa mkoa, Filda alikuwa mgongoni. Kijani cha chini ni cha aliyesemekana atakuja kwa ndege.

"Na wakaonaje nyumba, mama?" Rukiah akauliza. "Walisema nini wakiwa ndani?"

"Ndani?" Acen akashangaa. "Hapana aliingia mtu. Walikuwa nasimama kule kwa barabara. Bwana yangu napiga saluti, gari naenda. Wengine hawakufika kabisa. Mimi nilikuwa napaka mpaka ndani, chini ya kitanda napaka, kwa sababu labda huyu ataingia. Chai nilikuwa naweka tayari. Hapana hata mmoja."

Bati lilisikika likilia kwa joto la jua. Filda hakuwa anayajua haya. Alikuwa anakumbuka chokaa na nyimbo na harufu ya rangi, siku tamu kuliko sikukuu, na hakuwahi kujiuliza mama alikuwa na uso gani vumbi la gari lilipotulia.

Mzee Otema alivua kofia. Akampa Kakule fimbo yake. Alikuwa na miaka mingi tangu aache kumwogopa mtu yeyote, lakini alipoufikia mlango ule alisita, mguu mmoja hewani, na kila mtu aliona.

"Umechelewa, afande," Acen akamwambia. "Lakini karibu."

Otema akainama, akaingia. Mlango wa unipoti ni mfupi na rangi haikuwa imekauka vizuri, na bega la koti lake likageuka kijani. Hakujali, au hakuona. Walimsikia akitembea mle ndani polepole, akizunguka, kisha akikaa juu ya kitanda cha kamba alichokiweka Kakule. Filda alishika mkono wa mama yake. Wajumbe wale wawili walitazamana, wasijue kama wamfuate.

Kisha sauti ya Otema ikatoka, na kwa kuwa nyumba ni ya bati ilitoka kubwa, wakaisikia mpaka wageni waliokuwa kwenye ghala. Alisema kuna joto. Alisema hakuwahi kufikiri kwamba mle ndani kuna joto namna hii, na watu saba. Halafu akasema inabaki, na rangi ibaki, hata hii ya jana, na anayetaka kupinga aje apingie huku ndani.

Filda alipiga kigelegele ambacho hakika Ntinda walikisikia. Kakule akaitupa fimbo ya mwenyekiti hewani na kuidaka. Rukiah alikuwa anacheka na kufuta macho na pua kwa mikono yenye chokaa, akawa na masharubu meupe, na hakuna aliyemwambia. Filda alimgeukia mama yake ili amkumbatie, amwinue, amzungushe, lakini Acen alikuwa bado amesimama wima kando ya mlango, macho yake kule gizani alikokaa yule mzee.

"Filda," akasema, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Ameingia."